Saa ya Nahodha: Mwongozaji Binafsi au Ziara ya Meli?

Waheshimiwa walimu, ndugu waongoza watalii, nanyi wanafunzi mliotoka Kampala na Mbale kuja kukaa nasi hapa Jinja, asanteni kwa kunialika. Najua wapo watakaojiuliza mtu wa nchi isiyo na bahari ana la kusema gani kuhusu meli za kitalii. Niliongoza wageni Mombasa kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na baadhi yenu mtaipita njia hiyo hiyo. Huko mtakutana na swali ambalo mgeni wa Entebbe hana: akishuka melini asubuhi, apande basi lililoandaliwa na meli, au aende na mwongozaji aliyemtafuta mwenyewe?

Wengi hulijibu kwa bei. Mwongozaji binafsi hutoza gari zima, kwa hiyo familia ya watu wanne hugawana gharama, ilhali meli hutoza kila kichwa. Hilo si jambo dogo, lakini kwa maoni yangu bei ni swali la pili. La kwanza ni hili: gari likichelewa, hasara ni ya nani?

Meli hukaa gatini kwa saa chache tu, na nahodha hutangaza saa ambayo kila abiria awe ameshapanda, kwa kawaida nusu saa au zaidi kabla ya meli kuondoka. Aliyekwenda na ziara ya meli akichelewa njiani, meli humngojea, na ikishindwa kungoja, kampuni yake humpeleka hadi bandari inayofuata. Aliyekwenda kwa njia yake hangojewi. Maafisa wakiona hajarudi, mara nyingi huitafuta pasipoti yake na kuiacha kwa wakala wa meli bandarini. Tiketi ya ndege, hoteli na viza ni juu yake mwenyewe.

Ndiyo maana mimi huitazama ramani kabla ya orodha ya bei. Zanzibar, gati la Malindi liko mlangoni mwa Mji Mkongwe, na kutoka hapo hadi Forodhani mtu huenda kwa miguu, kwa hiyo hata gari likiharibika mgeni atarudi melini. Kulipia ziara ya meli mahali kama hapo, ili utembee na watu arobaini nyuma ya kibao cha namba katika vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa shida, ni kujinyima. Mwongozaji binafsi atasimama nawe mbele ya mlango mmoja uliochongwa kadiri upendavyo. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni vivyo hivyo: ukitoka Kilindini ni kuvuka kisiwa tu.

Tsavo Mashariki ni habari nyingine. Barabara ya kwenda huko ni ile ile ya malori yanayotuletea bidhaa zetu Kampala, na siku yakikwama, hukwama yote. Jioni moja nilikuwa nikirudi na wageni watano kutoka upande wa Voi, nasi tulikuwa tumeondoka mapema kama tulivyopanga. Karibu na Mariakani lori lilikuwa limepinduka, jingine likajaribu kulipita na kuziba upande uliobaki. Mama mmoja alishika kadi yake ya meli kama mtu ashikavyo tasbihi, na kwa zaidi ya saa nzima hakutamka neno. Tulifika gatini zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Katika foleni ile ile, mbele yetu, yalikuwepo mabasi mawili ya ziara ya meli, na abiria wake walikuwa wamelala usingizi. Tangu siku hiyo, mgeni aliyetaka Tsavo na meli yake ikaondoka jioni hiyo hiyo nilimwambia anunue ziara ya meli, ingawa nilikuwa nikijikosesha kazi. Kama meli inalala bandarini, mambo hubadilika.

Hata hivyo, umbali peke yake si kipimo. Kutoka bandari ya Civitavecchia hadi Roma ni kilomita 80 hivi, lakini kuna treni nyingi kwa siku, na anayekosa moja hupanda nyingine. Hatari iko pale penye njia moja tu ya kurudi.

Msidhani kwamba ziara ya meli ina waongozaji bora zaidi. Kampuni ya meli haiji na mabasi yake. Hukodi kampuni ya wenyeji. Nami nimewahi kushika kibao cha namba 7 Jumatatu, na Alhamisi nikawa na wageni wangu binafsi, maelezo yakiwa yale yale.

Kuna kosa moja ambalo ni letu wenyewe. Sisi husema saa kumi jioni, na Waganda nao husema ssaawa kkumi, lakini saa ya mgeni mkononi inaonyesha nne. Zaidi ya hayo, saa za ndani ya meli huenda zisilingane na za nchi kavu. Muulizeni mgeni meli yake inasema saa ngapi, mwandike kwa hesabu yake, kisha mwambieni aisome kwa sauti.

Limebaki suala la malipo ya awali. Bahari ikichafuka na meli isitie nanga, aliyenunua ziara ya meli hurudishiwa fedha zake, lakini aliyemlipa mwongozaji binafsi hutegemea walivyoandikiana. Mimi sikuchukua malipo ya awali. Nililipwa gatini, siku ikiisha. Mara mbili meli zilipita bila kusimama, na mara ya pili nilikuwa nimeshajaza gari mafuta na kununua katoni ya maji ya kunywa. Tuliyanywa nyumbani wiki nzima.