Riba Ikishuka, Je, Kiwanda Kitapanuka?

Ndugu wasikilizaji, nianze na hesabu. Mwenye kiwanda anataka mashine ya milioni 100. Kwa makadirio yake, itamwingizia milioni 14 kwa mwaka kabla ya riba. Marejesho ya mkopo wenyewe tuyaweke kando. Benki ikimtoza asilimia 10, anabaki na milioni 4. Ikimtoza 16, amekula hasara ya milioni 2. Mashine ni ile ile, wateja ni wale wale. Hapo Benki Kuu imeingia kiwandani bila kupiga hodi.

Nayo haimkopeshi yeye. Inapanga riba kwa benki za biashara, nazo zinapanga za kwao. Kupandisha huwa hazichelewi. Kushusha, mnazijua wenyewe. Na maumivu hayagawanywi sawa: kampuni kubwa ina faida iliyolimbikiza au inauza hatifungani, yaani hati za kukopa moja kwa moja kwa wawekezaji, ila mdogo anayekopa ili anunue malighafi ndiye anayebanwa kwanza.

Mwaka 1979 Paul Volcker alishika Benki Kuu ya Marekani, mfumuko wa bei ukiwa umevuka asilimia 10. Akabana fedha mpaka riba ya mikopo baina ya mabenki ikagusa takriban asilimia 19 katikati ya 1981. Wajenzi wa nyumba, kazi zikiwa zimesimama, wakawa wanamtumia vipande vya mbao kwa posta kumlalamikia! Ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Lakini 1983 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 5, na mfanyabiashara akaweza tena kupanga bei ya mwaka ujao bila kubahatisha. Mimi nasema dawa ilifanya kazi, ingawa waliolipia si wote walioponywa.

Sasa geuza upande. Japani ilishusha riba hadi karibu sifuri mwaka 1999, na 2016 ikaipeleka chini ya sifuri. Fedha zilikuwa rahisi kupindukia, lakini makampuni mengi yalilipa madeni na kulimbikiza akiba. Kwa nini uongeze mashine ya pili wakati ya kwanza inashinda imezimwa kwa kukosa oda? Riba kubwa humzuia hata mwenye oda. Riba ndogo haimletei oda asiyenazo. Ndiyo maana sikubali ukuaji wote wa uchumi upachikwe mabegani mwa gavana.

Thamani ya sarafu dhidi ya fedha za kigeni sijaigusa, na naona mikono imeshainuka. Tuanze nayo.