Ampuli Mbili Zinazofanana, Trei Moja

Wauguzi, wafamasia, na ninyi wanafunzi wetu, habari za mchana. Ampuli wote mnaijua. Tangu mfamasia Mfaransa Stanislas Limousin alipoibuni mwaka 1886, dawa imefungiwa ndani ya kioo kwa moto, ikakaa safi hadi siku ya kuvunjwa shingo. Mimi nazungumzia kinachotokea ikishavunjwa.

Walionisikia zamani wanajua ninakoelekea. Nitarudia, maana bado nakuta bupivakaini na asidi ya traneksamiki zimelala trei moja thieta, chumba cha upasuaji. Ya kwanza ni ganzi ya mgongoni, kwa mama anayejifungua kwa upasuaji. Ya pili huzuia kutokwa damu, nayo huingia kwenye mshipa, gramu 1, polepole kwa dakika 10. Mara nyingi zote zimo kwenye ampuli ndogo za kioo kisicho na rangi, na dawa yenyewe ni angavu kama maji. Traneksamiki ikichomwa mgongoni, mama analalamika maumivu makali ya mgongo, makalio na miguu. Miguu inaanza kurukaruka, degedege linafuata, mapigo ya moyo yanavurugika. Katika visa vilivyoripotiwa, takriban nusu walifariki. Mama aliyeingia thieta kwa miguu yake!

Kuna atakayesema: si asome lebo? Asome, tena kwa sauti, na mwenzake asome pia. Lakini herufi ni ndogo, zimezunguka kioo, ni saa tisa usiku na mapigo ya mtoto yanashuka. Mtu aliyechoka huona alichotarajia kukiona. Mwingine atasema tumezoea rangi ya maandishi. Rangi! Zabuni ikienda kwa mtengenezaji mwingine, buluu uliyoizoea mwezi uliopita leo iko kwenye dawa nyingine kabisa.

Wala asiniambie mtu tuiondoe traneksamiki. Utafiti uliochapishwa 2017, wa wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua hupunguza vifo vya kutokwa damu kwa karibu theluthi moja. Naitaka iwepo, tena ipatikane haraka. Ila Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha: ikae mbali na toroli ya dawa za usingizi na ganzi, ikiwezekana nje kabisa ya thieta. Hakuna nafasi, mnaniambia. Boksi moja lenye maandishi makubwa linakosaje nafasi hospitali nzima? Na wafamasia, mzigo ukija na sura mpya, pigeni simu thieta kabla haujatoka stoo.

Muda umekwisha, nitakimbia. Shingo ikivunjwa, chembe za kioo huangukia ndani ya dawa: tumieni sindano yenye chujio, na kama haipo, sindano nyembamba. Kitone cha rangi shingoni kikuelekee wewe, shika kwa gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, sukuma kuelekea nyuma. Ampuli tupu iende sefti boksi, lile boksi la kutupia vyenye ncha kali, lakini mgonjwa akishatulia, ili ukitokea utata tuone tulichovunja. Suala la kugawa ampuli moja kwa wagonjwa wawili nilikusudia kulieleza kwa kirefu. Tutaligusa kwenye maswali.

Dada wa kule nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja rangi. Karibu.