Daktari wa Moabit

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nimekuja kuwasimulia habari za daktari mmoja, Mohamed Helmy. Alizaliwa Khartoum mwaka 1901, wazazi wake Wamisri, na mwaka 1922 akaenda Berlin kusomea udaktari, kama vijana wetu wanavyokwenda ng'ambo leo. Akafaulu, akapata kazi katika hospitali ya mtaa wa Moabit.

Hapo Moabit nawaomba mtulie kidogo. Madaktari wengi wa hospitali ile walikuwa Wayahudi. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, walifukuzwa. Helmy akabaki, akaona wodi zikibaki bila waliomfundisha kazi. Kisha zamu ikamfikia na yeye. Katika hesabu za Wanazi za nani ni binadamu kamili na nani si kamili, Helmy aliandikwa kuwa uzao wa Hamu, mwana wa Nuhu. Kufikia mwaka 1938 alikuwa ameondolewa hospitalini. Alikuwa na mchumba Mjerumani, Emmy, wakakatazwa kuoana. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikamatwa pamoja na Wamisri wengine, akaachiwa baadaye kwa sababu ya afya yake kudhoofu.

Nayasema haya kwanza kwa makusudi. Tumezoea kumfikiria mwokozi kuwa ni mtu aliyesimama nchi kavu, anamrushia kamba anayezama. Helmy mwenyewe alikuwa majini.

Na kama mnadhani natia chumvi, mkumbukeni mtoto wa hapa kwetu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, na baadaye akafundisha Kiswahili chuoni Berlin. Alitembea katika mji uleule, miaka ileile. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa Novemba 1944. Hiyo ndiyo Berlin aliyoishi Helmy. Kwa mtu wa rangi yake, kosa dogo lilitosha.

Sasa tumtazame Anna Boros. Alikuwa binti wa Kiyahudi, na Helmy alikuwa daktari wa familia yao. Kuanzia Oktoba 1941 Wayahudi wa Berlin walianza kukusanywa na kupakiwa kwenye treni za kuelekea mashariki, ambako wengi wao waliuawa. Machi 1942 Anna hakuwa tena na mahali pa kukaa salama. Helmy akamchukua. Alikuwa na kibanda cha bustanini huko Buch, pembezoni mwa mji, akamficha humo.

Hebu lifikirieni neno hilo, kumficha. Midomoni ni jepesi. Lakini toka Machi 1942 hadi vita vinakwisha ni zaidi ya miaka mitatu, na baridi ya Berlin mnaisikia. Aliyejificha hana kadi ya chakula, kwa hiyo kila tonge analokula limetoka kwenye sahani ya mwingine. Akiugua, haendi hospitali. Wajerumani waliwaita watu hawa nyambizi, kwa kuwa walizama chini ya mji na kuibuka kwa hofu. Walizama wapata 7,000 mjini Berlin. Walioibuka hai ni kama 1,700.

Gestapo, polisi wa siri, walijua kwamba Helmy alikuwa daktari wa akina Boros. Walijua hata kibanda cha Buch. Walimwita na kumhoji mara kwa mara. Kila walipomkaribia, alimhamisha Anna kwa marafiki kwa siku chache na kumtambulisha kuwa ni binamu yake kutoka Dresden. Hatari ikipungua, anamrudisha kibandani.

Alitumia hata karatasi. Mwaka 1943 alimpatia Anna hati ya kusilimu kutoka Taasisi Kuu ya Kiislamu ya Berlin. Taasisi hiyo ilikuwa imezinduliwa Desemba 1942 na Amin al-Husseini, Mufti wa Jerusalem, aliyekuwa upande wa Hitler. Wapo wanaomtaja Mufti kana kwamba ndiye Mwislamu pekee aliyekuwepo Berlin wakati wa vita. Mimi nawaomba mkimtaja yeye, mtajeni na Helmy. Akatengeneza pia hati ya ndoa ya Anna na Mmisri mmoja, lakini wakuu wa serikali hawakuikubali.

Peke yake asingeweza. Bibi yake Anna, Cecilie Rudnik, alihitaji maficho yake mwenyewe, na Helmy akamwomba mwanamke Mjerumani, Frieda Szturmann. Frieda akamkaribisha kwake zaidi ya mwaka mzima, na posho yake ya chakula, iliyopimwa kwa mtu mmoja, wakala wawili. Kuhusu Frieda hatuna hadithi ndefu. Mimi humkumbuka kila ninapoona mama akigawa chakula jikoni.

Mwaka 1944 mambo yaliharibika. Mama yake Anna na baba yake wa kambo walikamatwa, na katika mahojiano walikiri kwamba Helmy anawasaidia na anamficha Anna. Simlaumu mtu kwa alichokisema mbele ya Gestapo. Helmy alimkimbiza Anna kwa Frieda mara moja. Polisi walipomfikia, akawaonyesha barua ya Anna: kwamba alimdanganya daktari kuhusu asili yake, na sasa anakwenda zake kwa shangazi yake huko Dessau. Barua ilikuwa ya uongo tupu. Ikamwokoa.

Wote wanne, Anna, mama yake, baba wa kambo na bibi, waliuona mwisho wa vita, wakahamia Marekani. Helmy alibaki Berlin, hatimaye akamwoa Emmy wake, akaendelea kutibu watu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1982.

Habari hizi zingezikwa naye. Lakini katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Anna na wenzake waliiandikia serikali ya jiji la Berlin wakieleza walichotendewa. Barua zikakaa kwenye nyaraka za jiji kwa miongo mingi hadi zilipopatikana. Mwaka 2013 Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem, iliwatangaza Helmy na Frieda kuwa Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi. Wanaotambuliwa hivyo ni zaidi ya 28,000, na Helmy alikuwa Mwarabu wa kwanza.

Jamaa zake Misri walikataa tuzo, kwa kuwa ilitoka Israeli. Ilikaa miaka minne bila mpokeaji. Mwaka 2017 mmoja wa ukoo aliipokea mjini Berlin, katika mji ambao Anna alikuwa amerudi zamani kumsalimia daktari wake, akiwa amemshika mkono binti yake mwenyewe.