Friza ya pili nyumbani: kabla hela ya kikoba haijatoka

Mwadila mama zangu, mwadila na nyie kina baba mliokaa kule karibu na mlango, asanteni kwa kunikaribisha. Mwenyekiti kanambia kuna wenzetu kama kumi wanataka mkopo wa friza ya pili, wengine waweke kitoweo, wengine wauze barafu na juisi, basi nikamuomba niongee kabla hela haijatoka, maana mimi nimetumia friza mbili mpaka sasa na ile ya kwanza iliniumiza miaka miwili mizima na sikujua kama ndo yenyewe inaniumiza.

Ile ya kwanza ilikuwa ya mtumba, nilinunua laki mbili na themanini, ndefu, ya kusimama, mlango mbele. Inagandisha vizuri kabisa, sina malalamiko hapo. Ila LUKU ikawa inaisha, nanunua umeme wa elfu kumi Jumatatu, Ijumaa mita inalia. Nikawasema watoto kwa sababu ya tivii, nikamsema dada wa kazi kwa sababu ya pasi, nikabadilisha taa zote. Siku moja mdogo wangu akanambia dada, zima kila kitu humu ndani bakiza friza tu, soma namba kwenye mita saa mbili usiku, kesho saa mbili usiku soma tena. Tukalala na tochi siku hiyo. Friza peke yake ilikula uniti 2.3 kwa siku! Zidisha mara thelathini, ni uniti 69 kwa mwezi, na mimi niko T1, lile daraja la bei la wanaotumia umeme mwingi kidogo, uniti moja na makato yake inafika kama shilingi 356, kwa hiyo zaidi ya elfu ishirini na nne kila mwezi zilikuwa zinaenda kwenye friza na mimi nawagombeza watoto.

Nikauza, nikaongeza hela, nikachukua mpya ya lita 200 ya kulala, ile ya mfuniko juu kama sanduku, laki sita na ishirini. Nikapima vile vile, uniti 0.8 kwa siku. Hiyo ni elfu nane na mia tano hivi kwa mwezi. Tofauti ni kama elfu kumi na sita kila mwezi, laki moja na tisini kwa mwaka. Sasa nyie piga hesabu, mpya ilizidi mtumba kwa laki tatu na arobaini, hiyo hela inarudi kwa kama mwaka na miezi tisa, na baada ya hapo ni faida yangu.

Tukae kidogo hapa kwenye LUKU maana ndo penyewe. Chukua meseji yako ya tokeni, toa kwanza kodi ya jengo, hela inayobaki gawanya kwa uniti ulizopata. Ikija kama 122 uko D1, ikija kama 356 uko T1. D1 ni kwa nyumba ambayo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, na kwa bei zilizopangwa 2016 uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, ukivuka 75 zile za juu zinahesabiwa 350. T1 ni 292 kwa kila uniti. Makato niliyohesabu mimi ni VAT asilimia 18, REA wale wa umeme vijijini 3 na EWURA wale wasimamizi wa bei 1.

Sasa mama uko D1, nyumba yako inatumia uniti 60, unalipa 7,320 mwezi mzima, unafurahia. Unaleta friza inayokula uniti moja kwa siku, umefika 90. Mwezi huo zile 15 za juu zinahesabiwa 350, jumla na makato unalipa 15,555. Ukiendelea hivo wanakuhamishia T1, na huko uniti zote 90 ni 292, na makato yake inakuja elfu thelathini na mbili. Kutoka elfu saba! Na friza imekula uniti 30 tu, ila imekubebea na zile 60 za zamani ikazipandisha bei. Hili naomba mama yeyote aliye D1 aende nalo nyumbani leo, kwa sababu muuza friza hatakwambia, yeye anauza friza. Ukiwa D1 tafuta ndogo, friza ndogo nzuri inakaa kwenye uniti 15 mpaka 20 kwa mwezi, halafu punguza kwingine, taa, pasi, hita ya maji, ubaki chini ya 75.

Utajuaje inakula ngapi kabla hujanunua? Mpya inakuja na lebo, tafuta palipoandikwa kWh kwa mwaka, gawanya kwa 12, hizo ndo uniti zako za mwezi. Ikisema 240 ni uniti 20. Ila lebo inapimwa kwenye chumba chenye joto la kawaida, jikoni kwako chini ya bati mwezi wa tisa sio kawaida, ongeza kidogo. Zile herufi msizitegemee sana, Ulaya walibadilisha mwaka 2021, zamani kulikuwa na A+, A++, siku hizi ni A mpaka G tu, kwa hiyo mtumba wenye A+ ya zamani unaweza kuzidiwa na mpya yenye E. Soma namba. Na angalia daraja la joto, imeandikwa ST au T, T inavumilia chumba cha mpaka nyuzi 43, ST mpaka 38, kwetu huku chukua mojawapo ya hizo.

Kuhusu kulala na kusimama. Hewa ya baridi ni nzito, ukifungua mlango wa mbele inamwagika chini miguuni mwako, wote mnaijua ile baridi ya miguu, hiyo ni hela. Ya mfuniko juu ukifungua baridi inabaki ndani kama maji kwenye beseni. Shida yake ni kwamba kitu cha chini kinasahaulika, mimi nimepanga kwa vikapu, samaki kushoto, nyama kulia, na karatasi imebandikwa juu ya mfuniko nini kimeingia lini.

Kwa wanaotaka mtumba bado, sikatazi, wapo waliobahatika. Nenda na noti ya elfu moja, iweke kwenye mpira wa mlango, funga, ivute, ikitoka kirahisi bila kukamatwa, basi mpira umechoka. Zunguka mlango mzima hivo. Gusa kuta za nje ikiwa imewaka muda mrefu, kama zinatoka jasho huku na huku, sponji la ndani limeshaingia maji. Soma kibati cha nyuma, cha kwetu ni volti 230, ya kutoka Japani ni volti 100, utatakiwa kununua transfoma nayo inakula umeme wake.

Ukubwa. Msinunue kubwa kwa sababu ya kutamani. Hapa Mwanza samaki tunao, sato asubuhi anatoka Igombe jioni umeshakula, sasa lita 400 za nini? Bibi zetu walikausha dagaa, wakakausha viazi tukala michembe mwaka mzima bila uniti hata moja, hivo vitu viache juani. Friza iwe ya kitu ambacho kinakupa unafuu wa bei, mfano siku sangara ameshuka pale Mwaloni Kirumba unachukua mzima, unampaa, unakata vipande vya mlo mmoja mmoja, unatoa hewa kwenye mfuko, unavilaza bapa vigande haraka. Samaki mwenye mafuta mmalize ndani ya miezi miwili mitatu, ladha inaharibika hata kama kaganda. Na usitupie kilo thelathini za moto moto kwa siku moja, kwenye maelezo ya friza imeandikwa inagandisha kilo ngapi kwa saa 24, ukizidisha vya katikati vinaoza huku nje vimeganda, na vile vya zamani vinaanza kuyeyuka.

Nafasi ikibaki jaza chupa za maji, usijaze mpaka juu zitapasuka. Umeme ukikatika friza iliyojaa inakaa mpaka saa 48 usipofungua, ya nusu kama saa 24, kwa hiyo kuchungulia chungulia kuacheni. Ukisafiri kwenda Ukerewe msibani gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukirudi ukikuta sarafu imezama chini, vitu viliyeyuka vikaganda tena, usiwape watoto.

Barafu ya kwenye kuta ikifika unene wa kidole kidogo umechelewa, yeyusha mapema, usichokonoe na kisu, mimi namjua mtu alitoboa bomba la gesi kwa kisu cha jikoni na friza ikaishia hapo. Iweke mbali na jiko na jua, iachie nafasi nyuma ipumue. Kifaa cha kulinda umeme nunua siku hiyo hiyo, kinachosubiri dakika kadhaa umeme ukirudi, kompresa haipendi kushtuliwa. Na kama kirikuu imeileta imelazwa, isimamishe usiku mzima kabla ya kuwasha.

Kuna mama aliuliza pale, yeye na jirani yake wamepanga nyumba moja, wanaweza kununua moja wakachangia? Mama yangu, hilo ni wazo zuri sana, friza moja iliyojaa inakula kidogo kuliko mbili za nusu. Mwiteni fundi awafungie mita ndogo kwenye soketi ya friza, kila mwisho wa mwezi mnasoma wote wawili, mnagawana kwa vikapu, mwenye vikapu viwili analipa viwili, mwenye kimoja analipa kimoja, na funguo ya mfuniko iwe na kopi mbili.