Gundi ya Hospitali na Supa Gluu ya Dukani
(Mhadhara kwa waendesha bodaboda, Arua)

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Mwenyekiti wa steji ameniita kwa sababu wapo kati yenu ambao wakianguka hukimbilia supa gluu ya dukani na kuimimina kwenye jeraha. Acheni.

Ukoo wake na gundi ya hospitali ya kufungia majeraha ni mmoja, sikatai. Mwaka 1942 Harry Coover wa kampuni ya Kodak, Marekani, alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki. Akapata kitu kinachonata kila kinapogusa, akakitupa kando. Baadaye kikauzwa kama gundi, na katika vita vya Vietnam majeruhi wakanyunyiziwa kuzuia damu. Lakini ile ya dukani hutoa joto ikikutana na unyevu, na ikivunjika hutoa kemikali ya fomaldihaidi inayodhuru nyama. Ya hospitali ina molekuli ndefu zaidi, huvunjika polepole, tena haina vijidudu. Marekani iliruhusu aina hiyo mwaka 1998.

Kazi kubwa si gundi, ni kuosha. Vumbi na changarawe za barabara zetu zikifungiwa ndani, mtaona usaha. Damu ikishakoma, nesi hubana kingo za jeraha kwa vidole mpaka zikutane sawasawa, kisha hupaka tabaka jembamba juu ya ngozi, husubiri likauke kidogo, hurudia. Juu ya ngozi, nasema! Ikipenya katikati, kingo haziungani. Hakuna kushonwa, hakuna kurudi kutolewa nyuzi. Hubanduka yenyewe baada ya siku 5 hadi 10. Mtoto akipasuka kidogo kwenye paji la uso, mimi nachagua gundi bila kusita.

Goti? Hapana, goti hukunjwa, gundi ikapasuka. Kiganja na jeraha la kuumwa na mbwa pia hapana. Karibu na jicho, kichwa kilazwe ili tone litiririkie mbali na kope. Kope zikigandana, msizivute. Vaselini huilegeza gundi. Ndiyo maana pia hampaki vaselini juu ya jeraha lililofungwa hivyo.

Wenye ndugu wavuvi kule Panyimur, kando ya Ziwa Albert, mtanielewa: kichocho cha miaka mingi huziba mishipa ya ini, ile ya tumbo ikavimba, mtu akatapika damu. Gundi ya ukoo huu huu hudungwa ndani ya mishipa hiyo kupitia endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, damu ikazibwa. Hiyo si tiba ya kila kituo cha afya, bila shaka.

Halafu pepopunda. Gundi haiizuii hata chembe. Nani hapa anakumbuka alichanjwa lini? Haya, inueni mikono.