Mbwa na Joto: Kumkinga na Kumwokoa

Mabibi na mabwana, mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Jasho lake ni kidogo, tena liko kwenye nyayo. Njia yake kubwa ya kupoa ni kutweta: hewa inapita juu ya ulimi na njia za pumzi zilizolowa, maji yanakuwa mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Hewa ikijaa unyevunyevu, au mbwa akifungiwa mahali pasipopita upepo, kutweta hakumsaidii. Anajichosha bure na joto linazidi kupanda. Wenye pua fupi, kama bulldog na pug, huzidiwa mapema kwa sababu njia zao za hewa ni nyembamba. Na tafadhali, usimvishe mbwa kifunga mdomo kinachobana taya siku ya jua. Hapo umemnyima njia yake ya kupoa.

Gari ni mtego. Nje kukiwa na nyuzi 24, ndani ya gari lililofungwa kwenye jua hufika karibu 34 kwa dakika 10. Kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu.

Kuhusu mnyororo, niseme wazi: siupendi. Kivuli cha saa mbili asubuhi si cha saa saba mchana. Kinahama, mbwa anabaki, na bakuli alilopindua kwa mnyororo limekauka. Mbwa wa kilo 20 anahitaji karibu lita moja ya maji kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Weka bakuli zito, pana chini, na ulikague mchana.

Sasa dalili. Anatweta bila kutulia, udenda unakuwa mzito, ufizi unaiva wekundu, kisha anatapika na kuyumba. Joto la kawaida la mbwa, likipimwa njia ya haja kubwa, ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likifika 41, hiyo ni dharura.

Mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Mtoe juani, mmwagie mwili mzima maji ya baridi uliyo nayo, usimmwagie puani, na umpepee au uwashe feni. Wengi humfunika taulo lililolowa na kuliacha. Taulo hilo hupata moto haraka na kuzuia mvuke usitoke. Akiwa na fahamu, mwache anywe mwenyewe. Aliyezimia usimnyweshe, maji yataingia mapafuni. Joto lake likishuka hadi 39.5, acha kummwagia maji, maana linaweza kuendelea kushuka kupita kiasi.

Hata akisimama na kutikisa mkia, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Figo na mgando wa damu vinaweza kuharibika baada ya siku moja au mbili. Mweleze daktari joto ulilopima mwanzoni, na saa uliyoanza kumpoza.