Mwiteni Mtunzi Kabla ya Kamera: Mhadhara Kuhusu Ennio Morricone

Ahsante sana, mwenyekiti. Nashukuru kwa utangulizi, ingawa umekula dakika zangu. Wanaonifahamu wameshajua nitasema nini: mtunzi wa muziki wa filamu aitwe kabla ya kamera. Na wawili pale nyuma nawaona wanachekea chini chini. Chekeni tu. Nitalisema hili mpaka watayarishaji wetu wa filamu waache kumpigia mtunzi simu Alhamisi usiku, filamu inazinduliwa Jumamosi, eti "tuwekee kamuziki hapo." Muziki unakuwa chumvi ya kunyunyizia chakula ambacho kimeshapakuliwa.

Leo nimekuja na shahidi. Ennio Morricone, mtunzi wa muziki wa filamu, Mwitaliano, mzaliwa wa Roma, 1928. Maisha yake yote sitawasimulia, mtayasoma wenyewe. Jueni tu kwamba baba yake, Mario, alikuwa mpiga tarumbeta, na mtoto naye akashika tarumbeta. Vita ya Pili ya Dunia ilipofika Roma alikuwa kijana mdogo, anawapigia askari wa kigeni usiku, na malipo mara nyingi ni chakula. Akasoma Santa Cecilia, chuo cha muziki chenye heshima zake, utunzi akafundishwa na Goffredo Petrassi, akamaliza 1954. Mtu aliyeiva kwa nota. Lakini nota hazilipi kodi ya nyumba, basi akaingia RCA, kampuni ya sahani za santuri, kupangia muziki nyimbo za vijana, zile za mapenzi na bahari. Mbele ya mwalimu wake Petrassi jambo hilo lilimtia aibu kwa miaka mingi. Mimi naona pale RCA ndipo alipojifunzia kazi.

Sikilizeni hapa vizuri, maana kesi yangu iko hapa.

Pale RCA alipewa wimbo wa Woody Guthrie, wimbo wa Kimarekani, auvalishe muziki mpya kwa ajili ya mwimbaji aitwaye Peter Tevis. Mtu mwingine angeweka magitaa na vinanda akaenda zake kulala. Morricone akaweka mlio wa mjeledi. Akaweka kengele. Akaweka nyundo inayogonga chuma. Alitaka mtu wa mjini aliyekaa kwenye kiti chake asikie mashamba na vumbi la mbali. Sahani ikatoka, dunia haikutikisika.

Halafu siku moja anabisha hodi mwongozaji mmoja, Sergio Leone, ana filamu ya makauboi. Morricone anamtazama, anamwona kama anamfahamu. Kumbe walikaa darasa moja shule ya msingi! Picha ya darasa ipo, wote wawili wamo. Basi Leone akasikilizishwa ile sahani ya Tevis, akasema: hiki ndicho ninachokitaka, niondolee sauti ya mwimbaji tu. Sauti ikaondolewa, mahali pake akaingia Alessandro Alessandroni kwa mluzi. Mjeledi ukabaki, kengele zikabaki. Ndio ufunguzi wa "A Fistful of Dollars", 1964. Wazee wenzangu mliokwenda sinema za mjini miaka ya sabini mnaujua mluzi huo, hata kama aliyeutunga hamkumjua. Na mngemjuaje? Kwenye filamu aliandikwa Dan Savio, na Leone akajiita Bob Robertson, ili watazamaji wadhani ni kazi ya Wamarekani.

Sasa kuna kijana hapa, namwona kabisa, anataka kuniambia: "Mwalimu, wenzetu walikuwa na pesa." Pesa ipi? Filamu ile ilikuwa ya kubana matumizi. Mluzi, gitaa la umeme, mjeledi: kijana wangu, hivyo navyo unanunua kwa mkopo wa benki? Ukata ndio uliomkumbusha Morricone kwamba hata nyundo ni ala.

Na tusidhani waliishi kwa kupendana tu. Pambano la mwisho la filamu hiyo Leone alishaliwekea, kwenye chumba cha uhariri, muziki wa tarumbeta wa filamu ya mtu mwingine. Ameusikiliza, ameuzoea, umemkaa moyoni. Huu ugonjwa mnaujua, nusu yenu mnao! Unamkabidhi mtunzi kazi iliyokwisha kupachikwa muziki wa watu, unamwambia "nifanyie kama huu, ila usiwe huu." Morricone akasema: ukiutumia huo, mimi naondoka. Leone akalegea, ila akataka kitu kinachofanana nao. Morricone akafungua kabati lake, akatoa wimbo wa kubembelezea mtoto aliokuwa ameuandikia tamthilia ya televisheni, akampa Michele Lacerenza aupige kwa tarumbeta. Alimfichulia Leone siri hiyo baadaye sana. Tarumbeta, mnaona, mtoto wa Mario hakuiacha.

Twende 1968, "Once Upon a Time in the West". Hapa muziki mkuu ulitungwa na kurekodiwa kabla kamera haijawashwa. Kabla! Leone akawa anaupiga kwa spika pale pale wanapopigia picha, waigizaji wanatembea juu yake. Kamtazameni mwigizaji Claudia Cardinale anaposhuka kwenye treni. Hakuna aliyekuja kumpokea. Anaangalia saa, anaingia ofisi ya stesheni, na sisi tunabaki nje tunamtazama kupitia dirishani. Anauliza njia, anatokea mlango wa pili. Kamera inaanza kupanda ukutani taratibu, sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso nayo inapanda, haina neno hata moja, na kamera inapovuka paa tukauona mji mzima wa vumbi na mikokoteni, okestra yote inafunguka. Mpiga picha alipandisha kamera kwa kuufuata muziki. Huwezi kukipata kitu hicho Alhamisi usiku.

Na filamu hiyo hiyo inaanzaje? Bila muziki. Dakika kama kumi: kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi, tone la maji linadondokea kofia, nzi anamsumbua jambazi usoni. Morricone alikuwa amehudhuria onyesho Florence ambako mtu alipanda jukwaani akachezea ngazi ya mbao, ikawa inalia kriii, kriii, basi, ndiyo onyesho lenyewe. Akamsimulia Leone. Mtunzi aliyeitwa mapema ana ubavu wa kukuambia "hapa nyamaza." Aliyeitwa mwisho atakujazia kibodi kuanzia jina la mtayarishaji mpaka shukrani kwa wafadhili, maana anaogopa utasema hukupata thamani ya pesa yako.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namwona. Nilikuwa na habari ya filamu nyingine aliyoitungia, "The Battle of Algiers", tuiache.

Mtaniuliza filamu ya "The Mission", 1986, kwa sababu pale kweli aliitwa picha zikiwa tayari. Sawa. Na mwanzoni alikataa kwa kuona filamu inatosha bila yeye. Lakini kumbukeni ile obo, aina ya zumari, ya padri msituni: mwigizaji Jeremy Irons alishapigwa picha akichezesha vidole, basi mtunzi ikambidi atunge huku anavichunga vidole vya mtu asiyepiga obo. Kazi ilitoka nzuri mno, ndiyo, kwa sababu alikuwa Morricone. Wewe mtunzi wako ni Morricone? Oscar mwaka huo akapewa mtunzi mwingine, Herbie Hancock, na mzee hakuficha kwamba imemuuma.

Haraka haraka: zaidi ya kazi 400 za filamu na televisheni. Alitungia mezani, kwa kalamu, bila piano, na kila ala alijiandikia mwenyewe. Kiingereza hakukijua, Hollywood hakuhamia. Oscar ya heshima 2007, mwigizaji Clint Eastwood akimkabidhi na kumtafsiria. Oscar ya ushindani 2016, kwa "The Hateful Eight", ana miaka 87. Alifariki Roma Julai 2020 baada ya kuanguka na kuvunjika mfupa wa paja, na tangazo la kifo chake alikuwa ameshaliandika mwenyewe. Hata hilo hakusubiri dakika ya mwisho.

Haya, maswali. Yule bwana anayetaka kuniuliza kuhusu biti za bure za kwenye intaneti aanze yeye, tummalize mapema.